Kaliba ya bunduki ya dharura: anza na ganda

Jamaa alinijia na bunduki ya kaliba ya 5.56 (kaliba ni ukubwa wa risasi inayotumiwa na bunduki) iliyoviringishwa ndani ya blanketi. Bolti, kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, ilikuwa imerudi nyuma, na ndani ya chemba, tundu ambamo risasi hukaa, ganda tupu la chuma limeng'ang'ania. Kucha inayong'oa ganda ilikuwa imemega kipande cha ukingo wake na kurudi nacho. Niliingiza fimbo ya shaba kupitia mdomo wa mtutu, nikagonga mara tatu kwa nyundo ndogo, ganda likaanguka mezani. Ubavuni lilikuwa na madoa ya kahawia. Nikamulika chemba kwa tochi: vishimo vya kutu, vidogo kama ncha ya sindano, mahali palepale palipokuwa na madoa.

"Fundi," akasema, "kaliba hii ni dhaifu. Nitafutie kubwa zaidi."

Nilimpa lile ganda alishike. Bunduki ilikuwa imelala miezi kadhaa ndani ya blanketi, blanketi likanyonya unyevu na kuubania kwenye chuma. Angekuwa na kaliba kubwa mara mbili, kutu ingekula vilevile na ganda lingekwama vilevile.

Nimefanya ufundi wa silaha miaka 22, na karibu kila anayeniuliza kaliba ya kuweka kwa dharura huanza na nguvu: inapiga mbali kiasi gani, inatoboa nini. Mimi naanza na ganda. Kwenye bunduki ya nusu-otomatiki, kichwa cha risasi kikishatoka mtutuni kazi bado haijaisha. Ganda lililotumika lazima ling'oke na kurushwa nje, risasi nyingine ipande kutoka kwenye magazini, iingie chemba, bolti ifunge. Yote hayo ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ikikwama hatua moja, una rungu la chuma mkononi. Kaliba inayotegemewa ni ile ambayo ganda lake linaingia kirahisi na kutoka kirahisi, na ambayo utaipata tena ikikuishia.

Kabla ya yote, soma sheria ya nchi unayoishi, maana inaweza kukuchagulia kaliba kabla hujafungua mdomo. Uingereza mwaka 1988 ilipiga marufuku raifa za nusu-otomatiki kwa raia, ikabakiza zile za .22 tu. Ufaransa, mpaka mabadiliko ya mwaka 2013, iliziweka kaliba za kijeshi kwenye kundi la silaha za kivita hata kama bunduki yenyewe ni ya kuwindia. Australia ilifunga mlango kwa raia wengi mwaka 1996. Kuna nchi zinazoweka kikomo cha idadi ya risasi nyumbani, na nyingine za ukubwa wa magazini. Bunduki isiyo na kibali haikusaidii wakati wa dharura, inakuwa dharura ya pili. Na kama nyumbani huna maji ya akiba, dawa na kisanduku cha huduma ya kwanza, hela zako zianzie huko.

Sasa majina, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Namba ya kwanza inakadiria kipenyo cha kichwa, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Kwa hiyo 7.62x39, 7.62x51 na 7.62x54R zina namba ya kwanza moja, lakini ni risasi tatu zisizoingiliana. Ya kwanza ni ya Kisovieti ya mwaka 1943, ndiyo inayoliwa na bunduki za SKS na jamii ya AK. Ya pili ni ya NATO, ndugu wa .308 Winchester (majina yanayoanza na nukta ni ya inchi), kwenye bunduki za G3 na FAL. Ya tatu ina ukingo uliotokeza na ilianza mwaka 1891. Mtu akikuambia "nina risasi za saba nukta sita mbili", hajakuambia kitu bado. Geuza risasi, soma maandishi ya kwenye kitako, soma na yaliyochongwa kwenye mtutu wako. Vikitofautiana, usijaribu.

Chukua risasi moja ya 7.62x39 na moja ya 5.56x45, uzilaze mezani. Ya 5.56 mwili wake umenyooka karibu kama bomba. Ya 7.62x39 imechongoka, pana kitakoni, inapungua kuelekea shingoni, kama karoti. Panga kumi hivi za 7.62x39 zikigusana kuanzia kitakoni mpaka kichwani, utaona mstari wenyewe unapinda. Ndiyo maana magazini ya AK ina umbo la mundu. Mchongoko huo una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani: wakati wa kuingia, ncha nyembamba inapita kwenye tundu pana, hata chemba ikiwa na vumbi. Wakati wa kutoka, ganda likisogea nyuma kidogo tu, ubavu wake wote umeshaachana na ukuta. Ganda lililonyooka linasugua ukuta njia nzima, kwa hiyo linataka chemba safi, laini, na ganda la shaba nyeupe ambalo hutanuka likapiga ukuta kisha likanywea. Ganda la chuma halinywei vizuri kama la shaba. Kwenye 7.62x39 mchongoko unalifidia. Kwenye 5.56 chemba ikiwa mbaya, unamwona yule jamaa wa blanketi.

Hilo halimaanishi 5.56 haitegemeki. Wamarekani walijifunza somo hili kwa damu. M16, bunduki yao ya 5.56, ilipopelekwa Vietnam kwa wingi, miaka ya 1966 na 1967, zilianza kukwama, maganda yanagoma kutoka chemba, askari wanayagonga kwa fimbo za kusafishia katikati ya mapigano. Bunge lao lilifanya uchunguzi mwaka 1967. Baruti ilikuwa imebadilishwa kutoka ile iliyotumika wakati bunduki inatengenezwa, mpya ikaacha uchafu zaidi na kuongeza kasi ya mashine. Chemba hazikupakwa kromu, kwenye nchi yenye unyevu wa vile. Tena askari wengi walipewa silaha bila vifaa vya kusafishia. Chemba zikapakwa kromu, vifaa na mafunzo vikatolewa, mashine ikarekebishwa, na kaliba ileile iko kazini mpaka leo. Nikifundisha kijana kazi hii huwa namsimulia kisa hiki siku ya kwanza, kwa sababu kaliba ililaumiwa kwa makosa ya baruti na chemba.

Kwa hiyo ukichagua 5.56, uliza mambo mawili kabla ya kuuliza rangi ya kitako. Je, chemba na mtutu vimepakwa kromu, au vina kinga nyingine dhidi ya kutu? Na je, mtutu umechongwa 5.56 au .223 Remington? Kwa nje risasi hizi mbili ni pacha, lakini chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele ya ganda kabla kichwa hakijauma mifereji ya mtutu. Bunduki ya 5.56 inakula zote mbili. Bunduki ya .223 ikilishwa 5.56 shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Ipo na chemba iitwayo .223 Wylde inayokubali zote, na kwa bunduki moja ya nyumbani ni chaguo zuri.

Kuna hatari moja inaninyima usingizi. Risasi ya .300 Blackout imetengenezwa kutokana na ganda la familia ya .223, inaingia magazini zilezile na bolti zilezile. Tofauti ni kichwa chake, cha 7.62 badala ya 5.56. Baadhi ya risasi hizo zinaweza kuingia kwenye chemba ya 5.56, bolti ikafunga, na ukivuta kifyatulio kichwa kinene kinakutana na tundu jembamba. Bunduki inapasuka usoni. Nilishawahi kumwaga mfuko wa mteja mezani nikakuta risasi mbili za .300 zimechanganyika na 5.56 zaidi ya mia. Nilikaa kimya kwa muda, mikono ikinitetemeka, kisha nikamwita mkewe naye aje aone. Kama nyumba yako ina watu wanaoweza kujaza magazini gizani, usiweke kaliba hizi mbili chini ya paa moja. Wapo wanaotumia magazini za rangi tofauti. Mimi siiamini rangi usiku.

7.62x51 naiheshimu. G3 niliyoifungua mara nyingi kuliko silaha nyingine yoyote ina ufundi mzuri sana kwa ajili ya ganda: chemba yake ina mifereji membamba ya urefu, gesi inapenya humo na kulielesha ganda lisigande ukutani. Ganda likitoka lina mistari myeusi ubavuni. Kwa umbali mrefu, au pale ambapo dharura yako ni mnyama mkubwa, kaliba hii ina haki yake. Lakini fanya hesabu ya mizani. Risasi moja ya 7.62x51 ina kama gramu 24, ya 7.62x39 kama 16 au 17, ya 5.56 kama 12. Risasi 200 za kwanza ni karibu kilo tano, za mwisho ni kilo mbili na nusu. Ongeza bunduki yenyewe, ambayo kwa kawaida ni nzito zaidi, kisha panda nayo ngazi na mtoto mgongoni.

Halafu kuna teke. Wifi yangu ni mwanamke shupavu, anabeba gunia peke yake. Nilimpa 7.62x51 uwanja wa shabaha, akapiga tano. Ya kwanza iligonga ubao katikati. Kuanzia ya tatu alikuwa anafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na ya tano ikapiga udongo mbele ya ubao. "Wifi, bega langu limekataa," akaniambia. Nikampa 5.56 siku hiyohiyo, akapiga 30 na kuomba nyingine. Nyumba haichagui nani atakuwepo siku ya shida. Pima kaliba kwa mtu mwepesi zaidi mwenye kibali na mafunzo ya kuitumia, si kwa bega la mume wako.

Ya .22 inadharauliwa. Ina gramu tatu na kitu kwa risasi, risasi 200 hazifiki kilo moja, haina teke, ni kaliba ya mazoezi na ya wanyama wadogo wa kuliwa. Udhaifu wake uko kwenye ganda: kichocheo, yaani kemikali inayolipuka ikigongwa na kuwasha baruti, kimemwagwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako, badala ya kukaa kwenye kikombe chake katikati. Kikikosekana sehemu moja ya ukingo na pini ikagonga hapo, utasikia "tik" tu. Kichwa chake cha risasi kina nta au mafuta yanayookota uchafu, na bunduki za nusu-otomatiki za .22 huchafuka haraka. Iwe bunduki ya pili, ya kujifunzia. Pale ambapo sheria inairuhusu hiyo pekee, tafuta aina moja ya risasi ambayo bunduki yako inaipenda na ushikamane nayo.

Karabini (bunduki fupi) za 9x19 nazipitia haraka. Ganda fupi, risasi ipo karibu kila mahali, teke dogo. Lakini ni risasi ya bastola, na kupita mita mia inaanguka sana. Kama eneo lako lote ni ukuta mpaka ukuta, inatosha. Ya 5.45x39, ya mwaka 1974, ina ganda zuri na teke laini, ila nje ya nchi zilizotumia silaha za Kisovieti ni taabu kuipata. Hizi kaliba mpya za kati, 6.5 Grendel na 6.8 SPC, kwenye karatasi zinavutia sana. Kwa mwindaji, sawa. Kwa akiba ya dharura, tembelea wauzaji kadhaa na uangalie ni nani anayo, na ni aina ngapi.

Upatikanaji una mtego wake. Mwaka 2020 risasi zilipokauka madukani Marekani, zilizopotea kwanza zilikuwa zilezile za kawaida, 9x19 na 5.56, na wenye kaliba adimu wakajiona wajanja. Lakini viwanda vilitengeneza kwanza zile zinazotafutwa na wengi, na wa kaliba adimu wakasubiri. Mimi nachagua kaliba ya kawaida na naiweka akiba kabla ya uhaba. Kati ya 5.56 na 7.62x39, tazama ni ipi inayouzwa na wengi pale ulipo, na vipuri vya bunduki gani vinapatikana: pini, kucha, springi, magazini. Zote mbili zikipatikana sawa, ushauri wangu ni 5.56 kwa mtu atakayesafisha silaha yake na kupiga mbali kidogo, na 7.62x39 kwa anayejijua kuwa mvivu wa kusafisha au anayeishi kwenye vumbi. Usione aibu kujijua. Na 7.62x39 ina shinikizo dogo kuliko 5.56, jambo ambalo mtutu wako utalishukuru miaka ikienda.

Ukichukua 7.62x39, jihadhari na risasi za zamani za kijeshi. Nyingi zina kichocheo kinachoacha chumvi mtutuni, chumvi hiyo inavuta unyevu, na kutu inaweza kuanza ndani ya siku moja. Watu wanamimina mafuta wakidhani wamesafisha. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndiyo yanayoyeyusha. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, fungua bunduki, mwaga maji ya moto mtutuni, kwenye bomba la gesi na usoni pa bolti, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Na kama umenunua SKS iliyohifadhiwa kwa grisi nzito, toa pini ya kugonga na usafishe tundu lake mpaka pini icheze yenyewe ukiitikisa. Pini iliyogandia mbele inaweza kulipua risasi bolti inapofunga, kidole chako kikiwa mbali na kifyatulio.

Akiba iweke kwenye sanduku la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mahali penye baridi. Usiache kwenye gari. Risasi usizipake mafuta, hasa ya kupenyeza, maana yanaingia mpaka kwenye kichocheo na kukiua. Andika tarehe, tumia za zamani kwanza. Ukiona ganda lina ukijani au limekula, liondoe. Na usiwe na tabia ya kuingiza risasi ileile chemba kila jioni na kuitoa asubuhi: kichwa husukumwa ndani ya ganda kidogokidogo na shinikizo hupanda, na kichocheo hupata kidonda cha pini. Bunduki ikae kwenye kabati la kufuli, risasi kwenye kufuli lingine, funguo zisijulikane na watoto.

Mwisho ni jaribio, na hapa usibanie. Nunua risasi 300 za aina ileile utakayoweka akiba, kiwanda kilekile. Andika namba kwenye kila magazini kwa rangi. Nenda uwanja wa shabaha, piga zote bila kusafisha katikati, siku mbili ukitaka, na kila ikikwama simama, elekeza mtutu kwenye shabaha, andika: magazini namba ngapi, ilikwamia wapi, ganda lilikuwa ndani au nje. Kisha okota maganda. Ukingo uliochanika maana yake ganda linang'olewa kwa nguvu, chemba chafu au gesi nyingi. Kichocheo kilichobanjuka kabisa hadi kujaza tundu lake ni dalili ya shinikizo kubwa. Ganda lenye mpasuko, acha kupiga na upeleke bunduki kwa fundi. Risasi isiyolipuka, subiri nusu dakika mtutu ukiwa kwenye shabaha kabla ya kufungua bolti.

Yule jamaa wa blanketi alirudi baada ya kufungiwa mtutu mpya uliopakwa kromu, kaliba ileile ya 5.56, maganda ya shaba. Tulipiga 300. Ilikwama mara tano, na mara zote tano daftari lilisema magazini namba nne. Midomo yake ilikuwa imepanuka, risasi zinainua pua kupita kiasi. Nikaikanyaga ikapinda, ili mtu asiiokote na kuirudisha kwenye mkoba, tukapiga 60 nyingine kwa zilizobaki.